Mafuta ya Taa Yalipohamia Kwenye Mashine

Mashine ya kusaga ya Bibi ilinunuliwa kwa fedha za miwa. Bibi alikuwa mkulima mdogo huko Turiani, mkoani Morogoro, na malipo ya msimu mmoja uliokubali hakuyagawa kwa watoto wala hakuyageuza bati. Aliyapeleka yote mjini, yakarudi yakiwa injini ya Kichina ya silinda moja, nguvu za farasi 12, pamoja na kinu na mkanda wake. Injini ikafungwa kwenye zege ndani ya kibanda cha matofali ya kuchoma, hatua chache kutoka jikoni, na tangu hapo nyumba nzima ikaishi kwa mlio wake. Ikiwaka asubuhi tulijua ada ya shule ipo. Ikinyamaza kabla ya wakati wake, watu wazima walitazamana.

Kila mtu alikuwa na kazi yake. Baba Mdogo, kitinda mimba wa Bibi, ndiye aliyeiendesha. Mama yangu, mkwe mkubwa wa nyumba, alishika daftari: madebe mangapi yamesagwa, lita ngapi zimenunuliwa, nani kasagiwa kwa mkopo. Shangazi alishika jiko. Sisi watoto tulikuwa watu wa maji, maana injini za aina ile hupoa kwa maji yanayochemka wazi kwenye tangi lake la juu, na siku ya kusaga sana lazima mtu asimame karibu na ndoo.

Umeme ulikuwa haujafika kitongojini kwetu. Usiku tuliwasha chemli sebuleni na vibatari vyumbani, na Shangazi alikuwa na jiko la tambi la mafuta ya taa kwa chai ya alfajiri na kwa siku za mvua, kuni zinapokataa kushika moto. Kwa hiyo dizeli ilikuwa ya mashine na mafuta ya taa yalikuwa ya nyumba. Mpaka huo Bibi aliuweka mwenyewe na hakuna aliyewahi kuuhoji, mpaka bei ilipouhoji.

Hadi katikati ya mwaka 2011 mafuta ya taa Tanzania yaliuzwa kwa bei ya chini kuliko dizeli, na sababu kubwa ilikuwa kodi. Ushuru wa bidhaa kwenye lita ya dizeli ulikuwa shilingi 314. Kwenye lita ya mafuta ya taa ulikuwa shilingi 52. Serikali ilikuwa na sababu njema kabisa: mafuta ya taa yalikuwa mwanga na moto wa mtu asiye na umeme, na kumtoza mtu huyo sawasawa na mwenye lori isingekuwa haki. Lakini ukiweka vimiminika viwili vinavyofanana hivyo kwenye rafu moja, kimoja bei ya chini na kingine bei ya juu, kuna mtu atakaa jioni na kalamu apige hesabu. Kwetu mtu huyo alikuwa Baba Mdogo.

Nataka ieleweke mapema kwamba Baba Mdogo hakuwa mvivu wala mpumbavu. Alikuwa amefanya utingo kwenye malori kabla ya kurudi nyumbani, na alizijua injini kwa masikio. Jioni moja, wakati Mama anafunga hesabu za siku, alimkalia mbele akamwambia: "Shemeji, injini ya dizeli haichagui. Nimeona kwa macho yangu lori likitoka Dodoma mpaka Dumila na mafuta ya taa nusu tangi. Tukiweka hata nusu kwa nusu, tofauti ya mwezi mmoja inatosha kununua mkanda mpya."

Mama alimjibu bila kuinua macho kwenye daftari. "Shemeji, mashine si yangu wala si yako. Mwulize mwenyewe."

Mwenyewe aliulizwa, akakataa. Hakutoa sababu za kifundi kwa kuwa hakuwa nazo. Alisema tu kwamba aliyemuuzia injini alimwambia dizeli, na yeye halishi ng'ombe chakula cha mbwa.

Basi hapo ndipo kisa kilipaswa kuisha, na hakikuisha.

Alichokuwa akikisema Baba Mdogo kilikuwa kweli, tena kweli kuliko alivyojua mwenyewe. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Inavuta hewa, inaibana mpaka ipate joto kali, zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi, kisha mafuta yanarushwa ndani ya hewa hiyo na kuwaka yenyewe. Chochote kinachoweza kurushwa kikiwa ukungu na kuwaka kwa joto hilo kitaizungusha. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyeibuni, alipoifanyia injini yake majaribio rasmi mjini Augsburg mwezi Februari 1897, hakutumia dizeli ya leo, kwani haikuwepo. Alitumia mafuta ya taa. Hata sasa, katika nchi za baridi kali kama Kanada, dizeli ya kawaida huganda nta wakati wa majira ya baridi na kuziba chujio, kwa hiyo huchanganywa na mafuta mepesi ya jamii ya mafuta ya taa ili ipite. Majeshi ya NATO yamekwenda mbali zaidi: malori na jenereta zao nyingi hutumia mafuta yale yale ya ndege, ambayo asili yake ni mafuta ya taa, ili jeshi lisibebe aina mbili za mafuta vitani.

Kwa hiyo Baba Mdogo alipoanza kuchanganya kimyakimya, bila ruhusa ya Bibi na bila kumwambia Mama, mashine haikulalamika. Iliwaka. Tena moshi wake mweusi ulipungua, na yeye akauchukua moshi huo kuwa ushahidi. Mlio ulibadilika kidogo, ukawa mkavu na wa kugonga, ila kwa mtu asiye na habari ulikuwa mlio uleule. Mama aliandika kwenye daftari lita za dizeli kama alivyotajiwa. Tofauti ya fedha Baba Mdogo aliiweka pembeni, na sina shaka hata leo kwamba nia yake ilikuwa kumshangaza mama yake siku moja kwa mkanda mpya na chekecheo jipya la kinu.

Alianza kwa robo, akaenda nusu, na mwishowe yakawa mafuta ya taa matupu.

Dalili ya kwanza ilijificha ndani ya jambo la kawaida. Asubuhi injini ilipigwa hendeli ikawaka bila shida. Ikasaga. Saa sita ikazimwa ili watu wapumzike na kinu kisafishwe. Ilipotakiwa iwake tena, haikuwaka. Baba Mdogo alizungusha hendeli mpaka mikono ikatetemeka, akabadilishana na vijana waliokuja kusaga, wote jasho likawatoka. Jioni, injini ikiwa imepoa, ikawaka kwa mzunguko wa kwanza kana kwamba haikuwa na neno.

Siku ya gulio ndiyo iliyoumiza. Wanawake walitoka mbali na mahindi vichwani, wengine na watoto mgongoni, wakapanga foleni ya ndoo na viroba kutoka mlangoni mwa kibanda mpaka kwenye mwembe. Injini ikafa katikati ya kazi maji yalipopungua, na moto wake ukakataa kurudi. Watu walisubiri kivulini. Mmoja mmoja wakaanza kujitwisha mahindi yao na kushika njia ya mashine ya ng'ambo ya mto. Bibi alisimama uani akawatazama wanavyoondoka. Yeyote aliyewahi kuendesha biashara ndogo kijijini anajua uchungu wa foleni inayovunjika: mteja aliyekwenda kwingine akasagiwa vizuri harudi kwa sababu tu wewe ni jirani.

Fundi wa jirani akaitwa. Alikuwa mtu mwaminifu, akauliza maswali anayouliza kila fundi, la kwanza likiwa, "Mnatumia mafuta gani?" Baba Mdogo akajibu, "Dizeli." Kwa jibu hilo fundi akaenda njia ambayo ingekuwa sahihi kama jibu lingekuwa kweli. Akabadilisha chujio. Akatoa upepo kwenye mabomba. Akafungua nozeli inayorusha mafuta ndani ya silinda, akaisafisha, akashauri inunuliwe mpya, ikanunuliwa. Akapima valvu. Kila kifaa kilichobadilishwa kilikuwa na nafuu ya muda mfupi, halafu joto likipanda ugonjwa unarudi. Mwishowe Baba Mdogo aligundua kwamba akifunika pampu ya mafuta kwa tambara lililolowa maji ya baridi, baada ya muda injini inakubali kuwaka. Tukapewa kazi mpya sisi watoto: mmoja na ndoo ya tangi, mwingine na ndoo ya tambara. Tuliifanya kwa bidii. Hatukujua kwamba tambara lile lilikuwa linasema ugonjwa ulipo.

Jambo jingine lilikuwa oili. Kijiti cha kupimia kilionyesha kwamba oili ya injini inaongezeka. Injini inayofanya kazi hula oili kidogo kidogo, haizai. Baba Mdogo aliona, akadhani alizidisha mwenyewe alipomimina, akapunguza.

Na kulikuwa na harufu. Mafuta ya taa ni mepesi, hupenya penye kiungo ambacho dizeli ilikaa miaka bila kupita. Chini ya tangi la mafuta pakawa na unyevunyevu usiokauka, na mahali hapo ndipo watu walipozoea kuegesha viroba wakisubiri zamu. Jirani mmoja, mwanamke mpole asiyependa ugomvi, alirudi jioni na beseni la unga limefunikwa kanga. Akamsalimia Bibi, akakaa, akazungumza habari za watoto, za mvua na za mgonjwa wake, kisha ndipo akafunua beseni. "Bibi, naomba unuse." Bibi akanusa. Hakusema neno. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na unga wa stoo yake mwenyewe, akamjazia beseni mpaka likawa na kichuguu, akamsindikiza hadi njiani. Ule ulioharibika ulimwagwa shimoni, kuku wakazuiwa kuusogelea. Kumwaga unga ndani ya nyumba ya Bibi lilikuwa jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Aliyefumbua fumbo hakuwa fundi. Alikuwa Shangazi na jiko lake.

Mchanganyiko uliobaki kwenye ndoo ya kibandani, dizeli kidogo na mafuta ya taa mengi, Baba Mdogo alikuwa ameurudisha kwenye dumu la nyumbani, akiona ni hasara kuumwaga. Alfajiri Shangazi akajaza jiko, akawasha, akabandika sufuria. Badala ya mwali wa bluu ukapanda mwali mwekundu wenye moshi. Sufuria ikawa nyeusi mpaka mkononi. Akapandisha tambi, moshi ukazidi; akashusha, mwali ukafa. Alipozitoa tambi zile zilikuwa na ukoko mgumu nchani. Dizeli ni nzito, haipandi vizuri kwenye tambi, na inayofika juu huungua nusunusu na kuacha masizi. Kila mafuta yana mtihani wake: mafuta ya taa hupimwa kwa urefu wa mwali yanaoweza kutoa kabla ya kuanza moshi, dizeli hupimwa kwa wepesi wa kuwaka yenyewe inapobanwa ndani ya silinda. Ya kwanza hayapimwi kwa mtihani wa ya pili, na ndiyo maana injini iligonga na jiko likatoa moshi.

Shangazi alichovya kidole ndani ya dumu, akasugua kwenye dole gumba. Miaka yote ya kujaza vibatari ilikuwa imemfundisha jinsi mafuta ya taa yanavyokauka mkononi. Haya yaliacha utelezi. Alikwenda moja kwa moja kibandani na sufuria yake nyeusi mkononi.

"Kaka, umetia nini kwenye mafuta yangu?"

Baba Mdogo hakuweza kumdanganya dada yake kama alivyomdanganya fundi. Akasema kila kitu, amekaa juu ya kiroba, macho chini.

Napenda kusimama hapa kidogo, kwa sababu moshi ule ulitupata kwa upole. Mafuta ya taa yaliyochanganywa na dizeli hutia masizi. Yakichanganywa na petroli huua. Kwa viwango vya kawaida mvuke wa mafuta ya taa haupaswi kushika moto chini ya nyuzi 38 za Selsiasi. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya kugandisha maji. Kiasi kidogo cha petroli ndani ya jiko la tambi au kibatari kinatosha kulipua, na anayekuwa karibu ni mpishi au mtoto anayesoma. Mtu akishaanza kuhamisha mafuta kutoka chombo hadi chombo bila kusema, hawezi tena kuahidi kwamba kilichofika jikoni ni kipi. Dumu lile halikutumika tena nyumbani kwetu. Liliondolewa siku hiyohiyo.

Bibi akamtuma Baba Mdogo mwenyewe kwenda Morogoro mjini kumleta fundi pampu. Akaja na boksi la vifaa na miwani ya kusomea, akaelezwa ukweli kwanza, na kazi yake ikawa fupi. Alichomoa kijiti cha oili, akanusa, akamnusisha Bibi: oili ilinuka mafuta ya taa. Akaifungua pampu akatoa plunja, kipande cha chuma kisichozidi kidole, akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Upande mmoja ulikuwa na michirizi na sehemu iliyofifia.

"Bibi," alisema, "injini yako haijafa. Kilichokufa ni hiki."

Maelezo yake nimeyathibitisha baadaye kwa kusoma, na yote yalisimama. Plunja hucheza ndani ya silinda yake ndogo, na nafasi kati yao ni sehemu mbili au tatu za elfu ya milimita. Hakuna mpira wa kuzuia mafuta humo, wala oili ya pembeni. Kinachozuia mafuta yasirudi nyuma ni wembamba wa nafasi hiyo na uzito wa mafuta yenyewe, na kinacholainisha chuma dhidi ya chuma ni mafuta hayohayo. Dizeli ina utelezi wa kutosha kazi hiyo. Mafuta ya taa ni mepesi mno. Yanapita pembeni ya plunja na kuacha chuma kikisuguana. Plunja ikishalika, pampu haiwezi tena kufikisha presha ya kufungua nozeli, ambayo kwenye injini kama ile ni zaidi ya mara 100 ya presha ya hewa tunayovuta. Asubuhi mafuta yana ubaridi na unene kidogo, kwa hiyo injini inawaka. Mchana pampu imepata joto, mafuta yamekuwa mepesi zaidi, yanachuruzika badala ya kusukumwa. Tambara la maji lilikuwa likiyarudishia unene kwa dakika chache. Na yale yaliyochuruzika yalikwenda kwenye oili ya injini, ndiyo maana ilikuwa ikiongezeka. Fundi alisema kwamba kama tungeendelea, oili ile iliyopunguzwa nguvu ingeshindwa kulinda vyuma vya ndani na injini ingenoki, na hapo hakuna plunja ya kununua. Ni injini nyingine.

Nimefikiri sana juu ya Augsburg tangu nilipojua habari zake. Injini ya Diesel ya 1897 haikuwa na pampu ya namna hii. Mafuta yalipulizwa ndani ya silinda kwa hewa iliyobanwa na kompresa kubwa. Pampu ndogo ya plunja iliyoruhusu injini kupungua ukubwa mpaka ikatosha kwenye lori, trekta na kibanda cha kusaga ilianza kutengenezwa kwa wingi na Bosch mwaka 1927, miaka 30 baadaye. Injini ilizaliwa kwa mafuta ya taa na haijawahi kugombana nayo. Mwenye ugomvi ni pampu iliyokuja kuiwezesha kufika vijijini. Hata mafuta ya ndege yanayotumiwa na majeshi hutiwa kiambata cha kuzuia kutu na kuongeza utelezi. Baba Mdogo aliliona lile lori likifika Dumila. Hakuliona lilipofunguliwa pampu.

Kikao kilifanyika usiku, chemli katikati, sisi watoto tumejificha nyuma ya pazia. Bibi aliagiza daftari lisomwe. Mama akasoma gharama moja moja: nozeli iliyonunuliwa bure, chujio, plunja mpya, oili iliyomwagwa, nauli na malazi ya fundi, siku za gulio zilizopotea. Baba Mdogo akaweka mezani fedha zote alizozitunza. Hazikufika hata kwenye plunja.

Nilitegemea Bibi amkaripie kwa kujaribu. Hakufanya hivyo. Alisema mwanawe amehangaika kwa ajili ya nyumba na hilo analijua. Kisha akamgeukia: "Mwanangu, fundi alikuuliza mafuta gani, ukasema dizeli. Mwenzio akatibu mgonjwa asiyekuwepo. Shemeji yako umemwandikisha uongo kwenye daftari langu. Dada yako umempelekea moto jikoni asioujua. Hayo mafuta ningeweza kukusamehe kesho asubuhi. Haya mengine utayalipa kwa kazi." Akalipa. Msimu mzima aliendesha mashine bila posho, na daftari la mafuta likawa linasainiwa na watu wawili.

Wakati huohuo jambo lililotokea kibandani kwetu lilikuwa likitokea nchi nzima kwa mikono ya watu wasio na hata nia njema ya Baba Mdogo. Dizeli ilichanganywa na mafuta ya taa na kuuzwa kwa bei ya dizeli, na magari na mitambo ya watu wakaugua ugonjwa ambao fundi hakuweza kuutaja. Mwezi Septemba 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ilianza kuyatia alama mafuta yaliyolipiwa kodi, ili mchanganyiko ugundulike kwa kipimo. Kwenye bajeti ya 2011/12 Serikali ikachukua hatua nyingine: ushuru wa dizeli ukashushwa kutoka shilingi 314 hadi 215 kwa lita, na wa mafuta ya taa ukapandishwa kutoka 52 hadi 400.30. Kenya ilifuata njia ya namna hiyo mwezi Septemba 2018, ikaweka tozo ya shilingi 18 za Kenya kwa kila lita ya mafuta ya taa.

Kishawishi kiliisha. Sikatai. Lakini nakumbuka Bibi alivyoanza kuzima chemli mapema, na Shangazi alivyorudi kwenye kuni hata siku za mvua, macho yakimtoka machozi. Mwizi alichanganya mafuta kwenye lori usiku. Aliyelipa ni mzee mwenye kibatari. Naamini kwa dhati kwamba alama na vipimo na adhabu kali kwa wachanganyaji vilistahili kupewa muda wa kufanya kazi kabla ya kuugusa mwanga wa maskini. Taa za sola zimepunguza maumivu hayo katika nyumba nyingi, ila hazikuwa zimefika kwetu siku bei ilipopanda.

Mashine ya Bibi ilisaga miaka mingine mingi kwa plunja ile mpya, na wateja waliokimbilia ng'ambo ya mto wengi walirudi, wa kwanza akiwa yule mwanamke wa beseni. Fundi pampu alituachia maelekezo ambayo nayatoa hapa kwa yeyote mwenye mashine ya kusaga au pampu ya kumwagilia shambani. Ikitokea dizeli imekosekana kabisa na mahindi ya watu yapo mlangoni, injini ya zamani yenye pampu ya kimakanika inaweza kufanya kazi ya siku hiyo kwa mafuta ya taa, mradi uyachanganye na oili safi ya injini, lita 1 kwa lita 50, usiipe mzigo mzito, na urudi kwenye dizeli mara inapopatikana. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari haifai. Ina vumbi la chuma. Gari jipya la dizeli, ambalo pampu yake inasukuma mafuta kwa presha ya zaidi ya mara 1000 ya hewa, usilijaribu kabisa. Na kabla hujafungua kifuniko cha tangi, waambie wa nyumbani mwako unachotia, na fundi akikuuliza, mjibu kweli.